Bagamoyo wanakuita, Tanga ubishe hodi mwenyewe

Mwezi wa sita nilichukua likizo ya siku saba, nikafunga begi moja la mgongoni, nikaenda pwani peke yangu. Mama alidhani nimegombana na mtu. Mimi ni mzaliwa wa Dodoma, na bahari nilikuwa naijua ya Dar tu, ile ya kuichungulia dirishani kwenye gari.

Nilianza Bagamoyo. Kutoka stendi ya Makumbusho, Dar, hazifiki hata kilomita 80, ila foleni ya Tegeta usiipigie hesabu kwa kilomita. Nilipokanyaga chini stendi, vijana watatu walikuwa wameshanisoma: "Dada karibu! Kaole? Mji Mkongwe? Twende nikutembeze."

Siwalaumu. Mji ule umezoea wageni tangu zamani. Misafara ya pembe na watumwa kutoka bara ilikuwa ikiishia pale. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika 1868, mwili wa Livingstone ukapitia pale 1874 ukielekea Unguja, kisha Wajerumani wakapafanya makao yao makuu mpaka 1891 walipohamia Dar. Mgeni Bagamoyo ni riziki, ndiyo maana anaitwa.

Kosa langu ni kwamba nilimfuata kijana mmoja mchangamfu bila kupatana bei. Alinizungusha saa mbili nzima, kwenye milango ya nakshi, Boma la Wajerumani, mpaka soko la samaki, na kusimulia kweli anajua. Mwisho nikamuuliza shilingi ngapi. "Ulichojaaliwa tu, dada." Nikatoa elfu kumi. Akaitazama ile noti kama nimemkabidhi risiti ya luku. Tukaanza kuvutana palepale mbele ya wakaanga samaki, hadi mama mmoja akainua kijiko chake kutoka kwenye karai na kutoa hukumu: "Wewe mwongezee tano. Na wewe pokea, uende zako." Mafuta yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kile kijiko, hakuna aliyebisha.

Kwa hiyo patana kabla hujapiga hatua ya kwanza, au pita ofisi ya Mambo ya Kale ulipe kwa risiti. Kukataa nako kuna namna yake. Ukinyamaza wanadhani hujasikia, watarudia. Sema "ahsante kaka, leo napumzika," huku unatembea. Ukienda Kaole kuona magofu ya misikiti na makaburi, mwambie bodaboda akusubiri, kwa sababu wa kukurudisha huwaoni ovyo. Na ufukwe usiokuwa na watu usiuendee peke yako. Wenyeji wenyewe walinionya, nikasikia.

Kwenda Tanga sikurudi Dar. Nilipanda gari ya Msata, nikashuka njia panda, nikasubiri basi linalotokea Chalinze. Mengi yalipita yamejaa. Beba mzigo mdogo, na maji.

Tanga nilifika na "ahsante kaka" yangu mdomoni, haikupata kazi. Stendi ya Kange dereva wa bajaji aliniuliza, "Wenda wapi?" nikamtajia gesti, akaendesha kimya hadi mlangoni. Mchana nikatembea mpaka Raskazone. Baiskeli zinapita, upepo unavuma, hakuna anayegeuza shingo. Mji mkubwa, barabara zimenyooka, nami nikauona umenuna. Usiku nilikula chipsi chumbani nikiwaza kuondoka kesho yake. Wenyewe wana msemo wao, waja leo waondoka leo. Nikasema kumbe.

Asubuhi njaa ikanipeleka Ngamiani, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba. Kulikuwa na mama anauza chai na mkate wa ajemi, na benchi la wazee watatu. Nikawaamkia wote, mmoja baada ya mwingine, shikamoo, shikamoo, shikamoo. Kumbe ndio ulikuwa ufunguo. "Marahaba mwanangu. Watoka wapi? Umekuja kwa nani?" Nilipojibu sijaja kwa mtu, wakasogea nikae katikati.

Mzee mmoja alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge miaka mingi. Maelezo yake ndiyo niliyaamini: hapa watu wamekuja kwa bandari, kwa katani, kwa reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga 1893. Uso mgeni si kioja, wanadhani una kazi yako, wanakuacha uifanye. Ukitaka watu, waamkie wewe. Yeye ndiye aliyenielekeza mapango ya Amboni na kunikataza malapa, maana ndani giza na pengine unainama. Alikuwa sahihi. Nilivaa raba, na bado nikagonga kichwa.

Ningeanza na Tanga, nadhani ningeikimbia. Bagamoyo ilikuwa imeshanifungua mdomo, japo kwa elfu kumi na tano.

Asubuhi ya tatu nilichelewa kuamka. Nilipofika Ngamiani, mama alikuwa ameniwekea ajemi yangu chini ya kawa, na yule mzee wa mkonge akaniuliza kwa ukali kabisa nilikuwa wapi.