Tela la farasi: meno mazima, tairi zee

Nilikuwa nimeahidi kuandika kuhusu beringi, lakini barua nyingi zilizokuja zinauliza matairi. Beringi zitasubiri.

Mzee, mimi ni saisi hapa Gilgil. Tela letu la farasi wawili hutoka mara tano au sita kwa mwaka, zaidi kwa mechi za polo. Matairi yana meno kama ya dukani, ila ubavuni nimeona nyufa ndogo ndogo. Tajiri anasema hatupi tairi ambalo halijawa kipara. Nimwambie nini?

Meno ndiyo yanayomdanganya tajiri wako. Matairi ya gari la kila siku huisha kwa kulika. Ya tela la farasi huisha kwa uzee. Kwa safari tano kwa mwaka, hicho kipara mtakisubiri mpaka farasi wenyewe wastaafu.

Kwenye mpira wa tairi huchanganywa dawa za kuukinga usikauke na kupasuka. Dawa hizo hupanda hadi juu ya mpira pale tairi linapozunguka, likajikunja na kupata joto. Tairi lililosimama miezi miwili nyuma ya zizi halipati huduma hiyo, ilhali jua na hewa vinaendelea kulila, na uzito wote umelalia sehemu moja. Nyufa unazoziona ni za nje. Mimi naogopa zaidi ndani, pale mpira unaposhikana na nyuzi na tabaka za waya. Pakichoka hapo, mkanda mzima wa meno hubanduka mkiwa mwendo wa 80, unachapa madigadi, unakata nyaya za taa, na unaweza kuipiga sakafu kutoka chini. Sakafu za matela mengi ni mbao, na juu ya mbao hizo kuna kwato.

Kwa hiyo soma tarehe. Tafuta ubavuni herufi DOT, ufuate mstari wake hadi mwisho. Kuna tarakimu nne. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Usipoziona upande wa nje, lala chini uangalie upande wa ndani, kwa kuwa mara nyingi tairi hufungwa tarehe ikiwa imegeukia huko. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Hilo halina mjadala, litoe leo.

Kipimo changu ni hiki: kuanzia mwaka wa nne nakagua kwa tochi, pande zote mbili, kabla ya kila safari. Likifika miaka 6 nalitoa, hata kama meno bado yanang'aa. Watengenezaji kadhaa wa magari nao hutaja miaka hiyo 6. Tairi lenye nundu, au lenye ufa unaoonyesha nyuzi, halingoji mwaka wowote.

Tajiri akitaka ushahidi wa mbali, mpe huu: tangu Februari 2021 Uingereza imepiga marufuku matairi ya zaidi ya miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Msukumo ulitokana na ajali ya basi ya mwaka 2012 iliyoua watu watatu. Tairi la mbele lililopasuka lilikuwa na zaidi ya miaka 19, na meno yalikuwepo.

Asipotikisika, mtajie bei ya matairi manne, kisha mwulize bei ya farasi wake mmoja. Ila usimwulize mbele ya wageni.

Shikamoo. Niko Arusha, tela langu lina ekseli mbili. Fundi ameniletea matairi manne ya mtumba ya gari dogo, inchi 13. Anasema rimu zinakubali. Nichukue?

Marahaba, mwanangu. Rimu kukubali ni jambo moja, uzito ni jingine. Baada ya saizi ya tairi kuna namba na herufi, kwa mfano 82T. Hiyo 82 ni kipimo cha mzigo: kilo 475 kwa tairi moja, tena likiwa limejazwa upepo wake kamili. Sasa piga hesabu. Tela tupu tuseme kilo 950, farasi wawili wa kilo 500 kila mmoja, nyasi, maji na matandiko kilo 100. Jumla 2,050. Matairi yako manne yanabeba 1,900. Kweli, sehemu ya uzito hukaa kwenye gari linalovuta, lakini farasi si magunia ya mahindi. Kwenye kona anaegemea upande mmoja, na upande huo ndio unaoumia.

Tafuta tairi la namba 100 au zaidi, ambalo ni kilo 800 kwenda juu. Aina ya pikapu ndogo na hiace za mizigo utaipata bila taabu, mradi saizi iwe ile iliyoandikwa kwenye tela lako. Na mtumba? Kwa farasi, sishauri. Huwezi kujua lilishaendeshwa bila upepo kilomita ngapi, na majeraha ya namna hiyo hujificha ndani.

Mwezi uliopita tairi moja la kushoto lilipasuka tukitoka Nanyuki. Nimenunua moja jipya. Inatosha, au ninunue yote?

Dada, anza na jirani yake. Kwenye tela la ekseli mbili, tairi moja likipasuka, lile la upande huohuo hubeba karibu mara mbili ya mzigo wake mpaka usimame. Lilibebeshwa kilomita ngapi kabla hujahisi? Lishushe kwenye rimu fundi alikague ndani, na kama lina zaidi ya miaka 3 usihangaike kulikagua, badilisha. Ya kulia yakiwa na tarehe moja na lililopasuka, nayo foleni yake imefika. Nanyuki iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jua la huko halina huruma kwa mpira.

Salamu kutoka Houston. Nimenunua tela la farasi lililotumika. Matairi yameandikwa ST mbele ya namba. Ni kitu gani?

Ni tairi lililotengenezwa kwa ajili ya matela peke yake; ubavu wake ni mgumu, haliyumbi. Usilifunge kwenye gari unaloliendesha. Mengi ya aina hiyo, yasipoandikwa vingine, mwisho wake ni maili 65 kwa saa, na huko Texas najua mnavyokimbia. Biashara ya matela huko hutaja miaka 3 hadi 6 ya maisha. Tarehe inasomwa vilevile.

Nikiyapaka mafuta ya kung'arisha nyufa zitafungwa?

Hapana. Zitang'aa tu. Funika matairi kwa turubai tela linapolala nje, na ulisogeze mara kwa mara.

Likipasuka barabarani na farasi wamo ndani, niwashushe kwanza?

La! Farasi aliyeshtuka kando ya barabara kuu ni hatari kuliko tairi lililopasuka. Sogea nje ya barabara kabisa, weka pembetatu za tahadhari, acha tela likiwa limefungwa kwenye gari. Mtu mmoja akae upande wa vichwa vya farasi, azungumze nao. Legeza nati kidogo kabla ya kuinua. Kwa ekseli mbili, beba kipande cha mbao nene kilichokatwa mteremko: sogeza gari polepole mpaka gurudumu zima la upande huo lipande juu yake, na lililopasuka litaning'inia. Huhitaji jeki. Badilisha, shuka, kaza nati, na uzikaze tena baada ya kilomita 80.

Haya yote yanategemea spea. Niliwahi kukwama chini kidogo ya Naivasha, mbao ninayo, spana ninayo, msaidizi ninaye. Spea ilikuwa mpya kabisa, haijawahi kugusa lami. Tulipoishusha nikasoma 0805, na mwaka ulikuwa 2019. Tulikaa na farasi wawili pale mpaka saa mbili usiku, tairi lilipoletwa kwa bodaboda.