Sensa inawaka taa lakini PLC haioni: kabla hujasema inputi imekufa

Mkuu, umesema umebadilisha sensa ya ukaribu kwenye mkanda, taa yake inawaka chuma kikipita, lakini taa ya inputi (sehemu inayopokea ishara) kwenye PLC, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mashine, haishtuki. Umehamishia inputi ya jirani, hali ni ile ile, na sasa bosi anataka kuagiza PLC mpya. Mzuie kwanza. Chomoa waya mweusi wa sensa kwenye inputi, kisha chukua kipande cha waya kutoka chanya ya volti 24 ukiguse kwenye inputi hiyo. Taa ikiwaka, PLC ni nzima. Sasa soma ubavuni mwa sensa: nina hakika kubwa utakuta imeandikwa NPN, na ile ya zamani ilikuwa PNP.

Rangi zinadanganya kwa sababu zote mbili zinafanana: kahawia chanya, bluu hasi, mweusi ishara. Tofauti ni kwenye transista ya ndani. PNP ikiona kitu hupeleka chanya kwenye waya mweusi. NPN huunga mweusi na hasi. Kama taa iliwaka kwenye jaribio lile, komoni ya inputi yako (ncha ya pamoja ambako umeme wa inputi za kundi moja hurudi) iko kwenye hasi, kwa hiyo inasubiri kupewa chanya. Ukiiletea NPN unaunga hasi na hasi, umeme hauna pa kupita. Taa ya sensa inawaka kama kawaida, maana yenyewe haitegemei inputi.

Hili lilinikuta zamu ya usiku kwenye laini ya kujaza maji ya chupa. Sensa iliungua, stoo wakanipa NPN, nyingine hakuna. Nikafunga rezista kati ya kahawia na mweusi, ili sensa ikiwa imelala inputi ipate chanya kupitia hapo. Nilikuwa na ya kilo-omu 10. Nikapima: volti 9, inputi kimya. Inputi ile inavuta miliampea 4 kwenye volti 24, yaani ni kama omu 6,000, na inahitaji angalau volti 15 ili ihesabu moja (yaani ione ishara ipo). Nilipoweka ya kilo-omu 2.2 ikapanda hadi zaidi ya 17, ikafanya kazi. Weka ya nusu wati au zaidi. Ya robo wati itazidiwa na kuchemka, kwa sababu sensa ikishika, rezista hiyo inakula wati 0.26.

Lakini angalia: ishara inageuka. Chupa ikiwepo PLC inasoma sifuri. Kwa kuhesabu chupa haidhuru sana, ila kwa kusimamisha mashine lazima urekebishe programu, na mimi siwezi kukushauri uache hivyo kwenye kitu kinachoweza kumuumiza mtu.

Njia safi kuliko rezista ni kubadilisha komoni, kama PLC inaruhusu. Kwenye Siemens S7-1200 unahamisha 1M (ndiyo ncha ya komoni) kutoka hasi kwenda chanya. Kwenye Mitsubishi FX3U unaunga S/S, ambayo ndiyo komoni yake, na chanya ya volti 24. Tatizo, inputi zote za komoni hiyo zinageuka pamoja, hivyo PNP zilizobaki hapo zitazimika. Rilei ndogo (swichi inayovutwa na koili ya umeme) nayo inasaidia (koili kati ya kahawia na mweusi, kontakti ipeleke chanya kwenye inputi) na haigeuzi ishara, ila kwa chupa zinazokimbia itachelewa na kontakti zitalika.

Mimi bado napendelea kununua PNP. Hasi ya paneli nyingi imeungwa na ethi. Waya mweusi wa NPN ukichubuka ukagusa bodi ya mashine, PLC iliyofungwa kwa ajili ya NPN itaona kana kwamba kitu kipo, na mashine inaweza kuanza yenyewe huku mkono wa mtu uko ndani. Kwa PNP, waya huo huo ukigusa bodi inputi inabaki sifuri.

Tuandikie namba ya PLC yako, komoni imeungwa wapi, na sensa nyingine za kundi hilo ni za aina gani.