Bi Karani Anajibu: "Ndugu wanataka nisaini karatasi ya kumsamehe baba"

SWALI: Shikamoo Bi Karani. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi wilaya ya Kaliua. Mwaka 2018 baba yangu mzazi alimuua dada yangu aliyekuwa na miaka 22. Dada alikuwa ameshaposwa, ng'ombe wanane wako zizini, ndipo ikajulikana ana mimba ya fundi baiskeli. Habari aliileta shangazi mchana, tukiwa tunafunga majani ya tumbaku. Baba hakusema kitu. Jioni alikula ugali kama kawaida, akanawa, akamuuliza mama maji ya kuoga yako wapi. Usiku akamwita dada waende kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku. Nilimwona ameshika mpini wa jembe. Mengine siwezi kuandika.

Kesi ilitajwa mpaka nikaacha kuhesabu. Mwaka 2021 nilitoa ushahidi, baba akatiwa hatiani. Akakata rufani, na majaji wakaamua kesi isikilizwe upya kwa sababu wazee wa baraza, wale raia waliokaa na jaji, hawakuelekezwa ipasavyo. Sasa nimeletewa samansi nyingine. Baba mkubwa na wajomba wamekaa kikao. Wanasema baba amezeeka, na alichokifanya ni kulinda heshima ya ukoo. Wameandika karatasi ya msamaha, wote wamesaini, nimebaki mimi. Mama hasemi kitu, anapeta mchele tu.

Je, karatasi hiyo ina nguvu? Mama naye anaweza kulazimishwa kusema? Nikisema, nitakuwa nimemnyonga baba yangu? Na kanga ya dada waliyoichukua polisi, nitaipataje?

Msomaji wako, Kaliua.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Nimekaa mahakamani Tabora miaka 31, kwanza masjala, baadaye mkalimani wa Kinyamwezi, na ndivyo nilivyozoea kusoma maneno ya mashahidi. Nimepiga mstari chini ya neno moja: ugali. Nitalirudia.

Kwanza hiyo karatasi. Usisaini. Angalia samansi yako juu, imeandikwa Jamhuri dhidi ya baba yako. Haikuandikwa ukoo dhidi ya baba, wala wewe dhidi yake. Mwenye kesi ni Jamhuri, na anayeweza kuiondoa mahakamani ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu mahakama kuhimiza suluhu kwenye makosa madogo kama shambulio la kawaida. Mauaji hayamo. Baba mkubwa akiipeleka karatasi yake mbele ya jaji, jaji ataisoma, atairudisha, na wakili wa serikali ataita shahidi wa kwanza. Lakini jina lako likiwemo, wakili wa utetezi atakuuliza ukiwa kizimbani: "Shahidi, hii ni sahihi yako? Kama ulimsamehe, mbona leo unasimama dhidi yake?" Nimewaona watu wazima wakitetemeka kwa swali kama hilo.

Na samansi si mwaliko wa harusi. Ukikaa nyumbani bila sababu, mahakama inaweza kutoa hati ukamatwe uletwe. Wajomba hao hawatapanda na wewe kwenye gari ya polisi. Wakizidi kukubana au kukutisha, mweleze wakili wa serikali kabla ya siku ya kesi. Tangu 2015 ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na kumzuia shahidi asifike mahakamani ni kosa linalojitegemea.

Sasa huo ugali. Wenyewe wanasema heshima. Neno hilo nimelitafsiri kortini mara nyingi kuliko neno panga, na sijawahi kuliona kwenye Kanuni ya Adhabu. Kilichomo ni kughadhibishwa. Kifungu cha 201 kinasema mtu akiua kwa ghadhabu ya ghafla, kabla damu yake haijapata muda wa kupoa, kosa linashuka kutoka mauaji hadi kuua bila kukusudia. Huo ndio mlango ambao utetezi utautafuta, na wana haki ya kuutafuta. Kwa hiyo jambo ni saa. Shangazi alifika saa ngapi? Baba alikula saa ngapi? Alikaa kimya muda gani? Mtu aliyepata habari mchana, akasubiri ugali uive, akala, akanawa, akaulizia maji ya kuoga, halafu usiku akachukua mpini, atapata kazi kumshawishi jaji kwamba ilikuwa ghafla. Mimi sihukumu, nilikuwa karani tu. Ila kesi moja niliyoikalimani ilikwama siku nzima kwenye swali la kama sufuria ilikuwa bado jikoni au imeshaoshwa. Watu kwenye mabenchi walicheka. Jaji hakucheka, aliandika.

Basi usiruke ugali kwa kuona ni jambo dogo la jikoni. Useme kama ulivyouona, usiongeze chumvi. Watakuuliza pia mwanga: taa ilikuwa ya nini, mbalamwezi ilikuwepo, ulisimama hatua ngapi kutoka mlangoni. Wasikuudhi. Tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, mahakama zetu zinataka kujua shahidi alimwonaje mtu gizani. (Waziri Amani lilikuwa jina la mrufani. Kijana mmoja wa masjala aliwahi kuniuliza alikuwa waziri wa wizara ipi.) Maelezo yako ya polisi na ushahidi wako wa 2021 vipo kwenye faili, na ukipishana navyo utaulizwa. Usikariri kama shairi. Pale ulipokumbuka, sema, na pale uliposahau, sema umesahau. Ni miaka mingi, na "sikumbuki" ni jibu halali kabisa mahakamani.

Kuhusu kesi kuanza upya, najua inauma. Wakati ule sheria ililazimu mauaji yasikilizwe jaji akiwa na wazee wa baraza, na kabla hawajatoa maoni yao jaji awafafanulie mambo ya msingi ya kesi. Palipokosewa hapo, Mahakama ya Rufani ilikuwa inafuta mwenendo mzima. Mafaili mengi yalirudi hivyo, pembe zimekunjika kwa kufunguliwa. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, wazee si lazima tena, kwa hiyo safari hii huenda usiwaone. Lakini shika hili: tangu kesi ya Fatehali Manji ya mwaka 1966, msimamo ni kwamba kesi hairudishwi ili upande wa mashtaka uzibe matundu ya ushahidi wake. Kurudishwa kwenu hakumaanishi majaji walikuona mwongo.

Nilisoma habari za Uingereza, za binti Shafilea Ahmed wa Warrington, miaka 17, aliyepotea Septemba 2003 baada ya kugombana na wazazi wake juu ya ndoa na mavazi. Mwili wake uliokotwa kando ya mto Februari 2004. Nyumba nzima ilinyamaza. Mwaka 2010 mdogo wake Alesha aliwaambia polisi kwamba waliomuua ni baba na mama, yeye akiwa anaona. Hukumu ilitoka Chester Agosti 2012, wazazi wote wawili kifungo cha maisha. Mdogo mwingine alisimama upande wa wazazi, ila barua alizokuwa amemwandikia rafiki yake zikaletwa mahakamani zikieleza yale yale. Nakutajia hiyo kwa sababu umeandika kama vile ni kwenu peke yenu ambako mtoto anawekwa njia panda namna hii. Huyo Alesha naye alikuwa na wajomba, naamini.

Mama yako. Kwa kawaida mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Lakini Sheria ya Ushahidi ina mahali inapoacha kanuni hiyo, na pamoja na mengine ni pale mtu anaposhtakiwa kwa jambo alilomtendea mtoto wake au wa mkewe. Kwa hiyo anaweza kuitwa, na akiitwa atapaswa kujibu. Usimfundishe maneno, wala usimkasirikie. Keti naye hapo kwenye ungo, mwambie tarehe ya kesi na kwamba mtasafiri pamoja.

Swali lako la tatu ndilo lililonifanya niweke kalamu chini. Adhabu ya mauaji ya kukusudia kisheria ni kunyongwa, sitakuficha. Nchi hii haijanyonga mtu tangu 1994. Lakini hata ingekuwa inanyonga kila mwezi, wewe huna kamba mkononi. Anayetia hatiani ni jaji, baada ya kusikiliza pande zote, na baba atakuwa na wakili hata kama hana senti, maana kesi za mauaji mahakama humpangia. Baada ya hapo atakuwa na rufani yake kama aliyoitumia mara ya kwanza, ikamsaidia. Wewe umeitwa useme ulichokiona usiku mmoja wa mwaka 2018. Na dada yako hakuwa na kosa la kuulizwa na mahakama yoyote: Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ndoa iwe ya hiari, na ng'ombe wanane zizini hawabadilishi hilo.

Nasikia utasema rahisi kusema ukiwa Tabora mjini, chini ya mwembe. Ni kweli. Mimi sikurudi kulala kwenye kijiji kile kile baada ya kutafsiri. Panga mapema pa kulala wiki ile, wewe na wanao, na nauli ya kurudi usiiombe kwa mjomba. Shahidi wa Jamhuri ana posho yake. Idai pale pale kabla hujatoka kwenye jengo.

Kanga. Kama ilipokelewa kama kielelezo, yaani kitu cha ushahidi, ina namba, na haitoki mpaka mahakama itoe amri. Mwambie wakili wa serikali mapema, si siku ya hukumu watu wanakimbilia basi, kwamba unaiomba, ili aitaje mbele ya jaji. Kisha subiri muda wa rufani upite, maana ikikatwa tena kielelezo kinabaki. Nilikuwa na funguo za stoo hiyo miaka minne. Vitu vinakaa humo kwenye mifuko ya khaki, na vingi havifuatwi na mtu. Njoo na kitambulisho na nakala ya amri. Utafunguliwa mfuko uitazame kama ndiyo yenyewe, halafu utasaini kitabu.