Kasi ndogo kwenye soketi kuu ya simu Uingereza

Ndugu, kama VDSL yako (intaneti inayopita kwenye waya wa simu) inakatikakatika, hasa jioni, na nyumba ina soketi kadhaa, usiite fundi kwanza. Fungua skrubu 2 za soketi kuu (NTE5, ile ambapo laini ya simu inaingilia nyumbani), vuta kipande cha chini cha mfuniko. Ndani kuna tundu la majaribio: chomeka ruta hapo kupitia kichujio (kifaa kidogo kinachotenganisha simu na intaneti), uiache siku nzima. Ikitulia, kosa liko kwenye nyaya zako za ndani, na fundi akija kwa hilo unaweza kutozwa.

Mara nyingi chanzo ni waya wa kengele (wa kuliza simu), uliofungwa kwenye namba 3 ya soketi. Mawimbi ya intaneti hupita kwenye namba 2 na 5 tu, nyaya zilizosokotwa pamoja ili kelele zijifute. Huo wa 3 hauna mwenzake, hivyo hunasa kelele za redio kama antena. Uchomoe nyuma ya mfuniko na kwenye soketi zote. Simu itaendelea kulia, maana vichujio vingi vina kapasita ya kengele ndani.

Nyaya za A na B zilizo nyuma ya soketi usiziguse, ni za Openreach, kampuni inayomiliki laini za simu. Ikikatika hata kwenye tundu la majaribio, hapo piga simu kwa mtoa huduma, na umwambie umeshajaribu.