Mwenye Mwendo Mdogo Atangulie

Ninasimamia watu tisa wanaopakia na kupakua malori katika ghala moja Eneo la Viwanda, hapa Nairobi. Mwanzoni hatukuaminiana. Katoni ikipasuka, kila mtu alitazama pembeni. Siku moja tukapelekwa kuvuta kamba na kushindana mbio za magunia. Tulicheka sana, na Jumatatu lawama zikaendelea pale zilipokuwa zimeachiwa.

Kilichotusaidia ni kutembea. Tulianza na Karura, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999 usinyakuliwe. Safari ya kwanza nilitangulia, maana nilidhani ndiyo kazi ya kiongozi. Kufika kwenye maporomoko, nageuka, niko na vijana wawili tu. Mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, alifika nusu saa baadaye, peke yake, viatu mkononi. Akaketi kwenye jiwe, akasema bila hasira, "Hata kazini huwa hivi."

Neno hilo lilinichoma. Yeye ndiye huhesabu mzigo wetu, na tulikuwa tukimharakisha hadi anakosea, kisha tunamlaumu kwa kukosea.

Safari iliyofuata nilimwomba atangulie, nami nikashika mkia. Jaribu hivyo na watu wako. Ukiwa nyuma unamwona anayeumwa goti akijikaza, unamwona anayembebea mwenzake maji bila kuombwa. Na mtu wa mwendo mdogo akiwa mbele, hana wa kumwomba radhi.

Usiweke zawadi wala kuwagawa makundi. Watu wasioaminiana ukiwashindanisha, unawaongezea sababu. Vijana wangu wanapenda riadha, kwa hiyo huwakumbusha Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipomaliza marathoni kwa saa 1:59:40. Wakimbiaji 41 walipokezana kumkinga upepo, na mwishoni wakampisha amalize mwenyewe. Wengi wao walikuwa mabingwa, lakini siku hiyo hakuna aliyekuja kumshinda.

Jambo jingine: uliza kabla ya kupanga. Mimi nilichagua Jumamosi, nikasahau kwamba mmoja wetu ni Msabato. Hakulalamika, hakuja tu. Tulipohamia Jumapili alasiri, baada ya wengine kutoka kanisani, alikuja na ndizi za kututosha sote.

Lakini kutembea mara moja kwa mwezi hakutoshi. Imani hujengwa zaidi kwenye chai ya saa nne. Nilianza kuwamiminia mwenyewe, na nikiwa nimekosea nasema palepale: jana nilitia sahihi bila kufungua maboksi. Zilipita wiki kadhaa kabla kijana mmoja hajaja, bila kuulizwa, kuniambia ameangusha katoni mbili za sabuni. Nilimshukuru mbele ya wote, tukaandika hasara daftarini, tukarudi kazini.

Siku hizi yule mama husimama mlangoni pa lori akihesabu kwa sauti. Hakuna anayeinua katoni nyingine kabla hajasema, "Haya."