Tipa moja ya lami haitoshi

Swali: Shikamoo, mhandisi. Nataka kutia lami njia ya gari nyumbani kwangu Bamburi, kutoka langoni hadi barazani. Urefu ni mita 30, upana mita 4. Fundi anasema tipa moja ya tani 10 itatosha na kubaki. Nimwamini?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Usimpe hata shilingi kwanza.

Eneo lako ni mita za mraba 120. Kwa magari madogo, lami yataka unene wa sentimita 5 baada ya kushindiliwa. Hizo ni mita za ujazo 6, na kila mita ya ujazo ya lami iliyoshindiliwa ina uzito wa kama tani 2.4. Jumla ni tani 14.4. Ongeza ya kingo na mabonde, agiza 15.

Shika hilo neno "baada ya kushindiliwa", maana hapo ndipo watu wanapoibiwa mchana kweupe, na mimi nimechoka kuliona. Fundi anamwaga lami, anaitandaza kwa reki, kisha anachomeka rula mbele yako. Sentimita 5, umeona? Unaona, unalipa. Lakini lami hiyo bado imefura. Rola ikipita inashuka kwa kama moja ya tano, unabaki na sentimita 4. Ukitaka 5, itandazwe 6 na robo. Na hizo tani 10 zake, zikienea njia yako yote, hazizidi sentimita 3 na nusu zikishindiliwa.

Juzi niliitwa Kisauni kuangalia ua uliotiwa lami kabla ya mvua za masika. Niliingiza bisibisi pembeni, kipande kikanyanyuka chote kama ganda la mkate. Unene sentimita 2. Chini yake mchanga mkavu, haukushindiliwa wala kunyunyiziwa lami nyepesi ya kushikisha. Mwenye nyumba, mzee wa watu, alikuwa amelipia 5.

Kwa hiyo lami inunuliwe kwa tani, na kila tipa ije na karatasi ya mizani. "Gari limejaa" si kipimo. Msingi nao upimwe na usawazishwe kwanza, kwa kuwa kila shimo litameza lami yako.

Na jamani, wale wanaobisha lango wakisema wamebakisha lami ya kazi ya barabara, watawapa kwa bei ya kutupa, msiwafungulie. Lami ya moto hutandazwa ikiwa na nyuzi 130 hadi 150 za Selsiasi. Ikishuka chini ya 80, rola inapita juu tu, haishindilii kitu. Tipa iliyozunguka mtaani tangu asubuhi ikitafuta mteja imebeba kokoto nyeusi zilizopoa, na zitaanza kung'oka chini ya magurudumu ya gari lako mvua ya kwanza ikinyesha.