Maswali na Majibu: Mashine ya kiyoyozi ikifichwa uani, kibali cha nini?

SWALI: Nimepanga ghorofa ya pili, nyumba ya mawe ya wakfu, Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Joto la Februari limetushinda na nina watoto wadogo. Nataka kutia viyoyozi viwili vya BTU 12,000. Fundi ananiambia mashine za nje tukizitundika kwenye ua wa ndani hazionekani njiani, kwa hivyo kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe hakihitajiki. Barua ya sheha ninayo. Nimruhusu aanze? (Mpangaji, Kiponda)

JIBU: Ndugu yangu, usimruhusu atoboe hata tundu moja. Barua ya sheha inakutambulisha wewe kuwa ni mkaazi wa shehia yake, basi. Ukuta una mwenyewe, na mwenyewe ni wakfu, kwa hivyo unaanza kwa idhini ya maandishi ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ukishaipata, unaipeleka Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe pamoja na ombi lako, picha za ukuta ndani na nje, na mchoro. Kutoboa ukuta na kutundika mashine ni kubadilisha jengo, uwe ukuta wa njiani au wa uani.

Sasa nije kwenye hilo la "haionekani", maana nalisikia kila msimu wa joto na kila mara linaniudhi. Watu wameshaamini kwamba kibali ni cha kuwafurahisha watalii: mji uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, kwa hivyo wanachotaka wakubwa ni picha nzuri ya mtaa, na ukijificha umemaliza. Sura ya mtaa imo katika hesabu, sikatai. Lakini anayekagua ombi lako kwa haki anatazama mambo mawili ambayo fundi wako hakuyataja kabisa: ukuta umejengwa kwa nini, na maji yanakwenda wapi.

Anza na ukuta. Ule si wa matofali ya saruji. Ni vipande vya mawe ya matumbawe vilivyoshikana kwa chokaa na udongo mwekundu, upana wake nusu mita au zaidi. Ukiupiga kwa drili ya kugonga, jiwe la ndani linalegea usilolitazamia, na bolti ya kutanuka inakosa pa kung'ata. Fundi ataibana, itaonekana imeshika, halafu mashine ya kilo thelathini na kitu itatetemeka pale juu usiku kucha, mwezi baada ya mwezi. Chini yake ni uani, wanakocheza watoto wako na wa jirani.

Maji ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu hayapigi kelele. Kwa unyevu wa Unguja, kiyoyozi cha ukubwa huo kinaweza kutoa lita moja ya maji kwa saa, pengine zaidi. Viwili, kwa saa nane za kulala, ni kama lita kumi na sita. Kila usiku. Mafundi wengi wanachomeka kijibomba, wanakitoa nje ya tundu na kukiacha kining'inie, maji yateremke ukutani. Chokaa inayanywa. Chumvi iliyomo ndani ya mawe inasafiri na maji hayo, yakikauka inabaki juu na kuisukuma plasta mpaka imeguke. Wakati huohuo unyevu unafika kwenye vichwa vya boriti, pale vilipoingia ukutani, na hapo ndipo boriti huanza kuoza na kualika mchwa. Boriti hizo ndizo zilizobeba sakafu unayolalia. Mtu akiona plasta inaanguka anasema ni hewa ya bahari, anaita fundi mwingine, naye anapiga saruji juu ya chokaa na kufungia maji yote ndani. Hapo ukuta umeuliwa mara mbili.

Ule ua wa ndani wenyewe, ikiwa ni mwembamba na umezungukwa na kuta pande zote, hautoi joto. Mashine inatema hewa ya moto, kisha inaivuta hiyohiyo. Umeme unakwenda, chumba hakipoi, na kompresa inakufa kabla ya siku zake. Mara nyingi juu ya paa ni pazuri zaidi, ikiwa paa linabeba na bomba lina njia, na hili linahitaji mtu aje atazame kwa macho.

Umeme nitaugusa tu. Kila kiyoyozi kiwe na laini yake kutoka kwenye kisanduku cha umeme, yenye fyuzi yake na waya wa ardhi. Waya wa taa wa nyumba za zamani haubebi viwili hivyo. Mwambie fundi wa umeme mwenye leseni akague kabla hujanunua kitu, na ukiambiwa mzigo umezidi, nenda ZECO, shirika la umeme. Pengine kimoja cha chumba cha watoto, na feni ya dari kwingine, madirisha ya luva yakiwa wazi, vitakutosheni. Nyumba hizi zilijengwa zipokee pepo za kaskazi na kusi.

Vishoka, hao mafundi bandia, siwezi kuwaacha bila kuwasema. Wako wanaofunga viyoyozi bila hata pampu ya kutolea hewa. Wanafungulia gesi kidogo iisukume hewa nje ya bomba, wanaita kazi imekwisha, na unyevu uliobaki ndani unaila mashine polepole. Gesi nyingine za kupozea za sasa, kama R32, zinaweza kushika moto, na mtu huyohuyo anachomelea bomba huku anavuta sigara. Wako pia wanaokwambia "lete pesa, kibali nitakitafuta mimi". Kibali asichokijia mtu kuutazama ukuta wako ni karatasi tu, na siku ya kutakiwa mashine zishushwe, jina lililoandikwa ni lako. Wala si Mji Mkongwe peke yake. Pita chini ya maghorofa ya Michenzani uone maji ya wa juu yanavyoteremka ukutani kwa wa chini, na majirani hawasemeshani.

Beit el Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafa, kiyoyozi hakikuhusika. Nalitaja kwa sababu lilitukumbusha kwamba jengo la mawe na chokaa huweza kuonekana limesimama imara huku ndani limeshachoka. Nyumba yako haina wakaguzi kila siku. Ina wewe, na huyo utakayempa drili.

Kwa hivyo, kwenye mchoro wa ombi uonyeshe tundu liko wapi na kipenyo chake, mashine itakaa juu ya nini, na bomba la maji linateremka kwa njia gani mpaka kwenye mfereji. Umwambie fundi aandike mwenyewe na atie saini. Kazi ikimalizika, kabla hujamlipa baki yake, mmwage pamoja lita mbili za maji polepole kwenye trei ya mashine ya ndani, kisha mteremke mkatazame. Yakitokea mfereji uleule uliochorwa, mlipe. Yakitokea ukutani, au yasipotokea kabisa, afungue afanye upya.